Kiwanja au ujenzi ukichelewa: usubiri, uongeze pesa au ujitoe? Tuweke hesabu na hatua hapa

Mpimaji_Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya "nimelipia kiwanja, mwaka wa pili huu hati haijatoka, nifanyeje" yamekuwa mengi, na majibu ni yale yale mawili: vuta subira, au nenda polisi. Yote hutolewa kabla hatujajua kinachosubiriwa ni nini hasa. Nafungua uzi huu kwa wanaowekeza kwenye viwanja na nyumba za kupangisha, hasa Dar, Pwani na Dodoma. Naanza na upande wa ardhi. Mawakili, mafundi na watu wa hesabu mtajazia.

Kuchelewa kuko kwa aina mbili. Kuna kuchelewa kwa foleni: faili limeingia ofisini, lina namba, lipo mezani kwa mtu. Hilo unaweza kulisubiri kwa hesabu. Halafu kuna kuchelewa kusiko na foleni: hakuna faili popote, kinachongojwa ni ndugu wapatane, au muuzaji apate pesa ya kulipa deni lake, au serikali ibadili matumizi ya eneo. Hilo la pili muda hauliponyi. Ukilisubiri miaka mitano unakuwa na tatizo lile lile, ila wewe umezeeka nalo.

Namba ndiyo inayotenganisha hizo mbili. Kiwanja ambacho hakijapimwa kinapita hatua hizi kwa mpangilio: mchoro wa mipango miji unaandaliwa na kuidhinishwa, na ukiidhinishwa unapewa namba. Mpimaji anaweka mawe, anapeleka kazi yake, ramani ya upimaji inaidhinishwa na kusajiliwa, nayo inapata namba. Ndipo mmiliki anaomba kumilikishwa, analipia tozo, na hati inaandaliwa, inasainiwa na Kamishna na kusajiliwa na Msajili wa Hati. Basi kampuni au dalali akikwambia "hati ipo hatua za mwisho", muulize: namba ya mchoro ni ipi? Namba ya ramani ya upimaji je? Kitalu na namba ya kiwanja? Peleka namba hizo ofisi ya ardhi ya halmashauri uthibitishe. Asiye na namba ya mchoro hayupo hatua za mwisho, hajaanza. Na mawe yaliyosimama shambani hayathibitishi kitu, kwa sababu mawe yanaweza kuwekwa asubuhi moja na ramani isipelekwe kokote.

Sasa yale ambayo hayana foleni. Kiwanja kikiwa ndani ya hifadhi ya barabara, kungoja hakusaidii. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara, na zipo sehemu zenye hifadhi pana zaidi ya hapo. Kimara hadi Kiluvya kwenye Barabara ya Morogoro watu walilijua hilo mwaka 2017, nyumba zao zilipobomolewa. Mita 60 kutoka ufukweni, mtoni au ziwani ni hivyo hivyo, ipo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Eneo la wazi au la shule kwenye mchoro uliokwishapitishwa, vile vile. Kwa hayo uamuzi ni mmoja: usinunue, na kama umeshanunua, dai pesa yako leo kabla muuzaji hajaitumia yote.

Kundi la tatu linawachanganya wengi: kununua mapema ukingojea mradi mkubwa. Bagamoyo, makubaliano ya bandari yalisainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, kisha mradi ukasimama mwaka uliofuata. Kigamboni nako mpango wa mji mpya wa 2008 uliwafanya watu wengi wasiweze kuendeleza maeneo yao kwa miaka, hata waliokuwa na pesa mkononi. Sisemi usinunue karibu na mradi. Ninachosema ni kwamba bei unayolipa leo iwe inaeleweka hata mradi usipojengwa kabisa. Ukikuta bei ina mantiki kwa sababu ya bandari tu, unachonunua hapo ni tarehe ambayo hakuna mtu anayeidhibiti.

---

Wakili_wa_Ilala

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea upande wa mkataba, maana ucheleweshaji mwingi unaanzia kwenye karatasi ya mauziano iliyoandikwa serikali za mtaa kwa dakika ishirini, yenye bei na majina ya mashahidi tu. Tarehe ya kukamilisha haimo, wala hakuna anayejua nani analipa kodi gani.

Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho una vitu vinavyojulikana: Fomu ya Ardhi Na. 29 (taarifa ya uhamisho), Na. 30 (maombi ya kibali) na Na. 35 (uhamisho wenyewe), mkataba wa mauziano, ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa, hati halisi, risiti za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni, vitambulisho, picha, na ridhaa ya mwenza. Baada ya hapo Mamlaka ya Mapato (TRA): muuzaji mkazi analipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, na hati inalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Msajili hasajili bila uthibitisho wa kodi.

Pa kukwama ni patatu, na karibu mara zote ni hapo hapo.

La kwanza, deni la pango la ardhi. Linadaiwa kila mwaka wa fedha kuanzia Julai 1, na viwanja vingi havijalipiwa miaka kumi. Muulize muuzaji salio kabla ya kusaini, usingoje faili lirudishwe.

La pili, kodi ya ongezeko la mtaji. Kisheria ni ya muuzaji, lakini anayekwama ni mnunuzi. Muuzaji akishapokea pesa yote hana haraka tena. Dawa yake ni rahisi: mkataba useme kodi hiyo inalipwa moja kwa moja TRA kutoka kwenye bei, kwa kumbukumbu namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la muuzaji, na kiasi hicho kinakatwa kwenye awamu inayofuata. Usimpe pesa taslimu "akalipie".

La tatu, ridhaa ya mwenza. Mume anasaini Januari, mke anaonekana Aprili anasema hajashirikishwa. Hapo faili linasimama na pengine linaishia mahakamani. Ridhaa isainiwe siku ile ile ya mkataba, mbele ya wakili, si "ataisaini baadaye".

Kuhusu malipo: yafuate matukio, yasifuate tarehe. Mgawo ninaoona unakaa vizuri ni asilimia 10 siku ya kusaini, 50 au 60 kibali cha uhamisho kikitoka na kodi ikiwa imelipwa, na kilichobaki jina lako likishasajiliwa. Muuzaji anayeogopa kutolipwa, pesa ikae kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Hapo wote wawili wana usalama.

Kisha andika tarehe ya ukomo. Kifungu cha namna hii kinatosha:

*"Iwapo kibali cha uhamisho hakitakuwa kimepatikana ifikapo tarehe ……, Mnunuzi atakuwa na hiari ya (a) kuongeza muda kwa maandishi, usiozidi siku 60, au (b) kuvunja mkataba na kurejeshewa fedha zote alizolipa ndani ya siku 30. Wahusika wanakubali kwamba muda ni msingi wa mkataba huu."*

Hiyo sentensi ya mwisho si pambo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 55, inatofautisha mkataba ambao muda ni msingi wake na ule ambao si msingi. Kwenye ule wa kwanza, mwenzako akichelewa una haki ya kuuvunja. Kwenye wa pili unabaki na haki ya fidia tu. Kifungu hicho hicho kina mtego ambao watu hawaujui: kwenye mkataba ambao muda ni msingi, ukipokea kazi iliyochelewa bila kutoa taarifa wakati ule ule kwamba utadai fidia, baadaye huwezi kuidai. Kwa hiyo siku unapopokea funguo za nyumba iliyochelewa miezi mitano, mpe barua papo hapo: "napokea, lakini nahifadhi haki yangu ya fidia kwa kuchelewa". Mistari miwili tu.

---

Hesabu_Kwanza

Asante wakili. Mimi nataka watu wajue kuchelewa kunagharimu shilingi ngapi kwa mwezi, maana bila namba hiyo huwezi kuamua kama uongeze mafundi au utulie.

Chukua mfano: vyumba vinne vya kujitegemea, kila kimoja 300,000 kwa mwezi. Mkopo wa ujenzi milioni 60, tuseme riba asilimia 16 kwa mwaka. Mlinzi wa saiti 150,000.

Kodi unayokosa: 1,200,000 kwa mwezi
Riba: 800,000 kwa mwezi
Mlinzi: 150,000

Jumla 2,150,000 kila mwezi. Ukichelewa miezi minane ni 17,200,000. Fundi akikwambia "niongezee milioni 5 nilete kikosi cha pili, tuokoe miezi minne", mpe mara moja: unaokoa 8,600,000.

---

Mama_Vyumba

@Hesabu_Kwanza kaka yangu, samahani, hapo umehesabu mara mbili, na kosa hilo linawaingiza watu kwenye gharama.

Riba ya mkopo utailipa nyumba ikiwa imekwisha au haijaisha. Ikiisha mapema, kodi ndiyo inayoilipa. Ikichelewa, mfuko wako ndio unaoilipa. Kwa hiyo hasara ya kuchelewa ni kodi uliyoikosa. Ukiongeza na riba juu yake unakuwa umehesabu shilingi moja mara mbili. Na kodi yenyewe usiihesabu nzima. Weka mwezi mmoja kwa mwaka chumba kikiwa wazi: 1,200,000 inakuwa 1,100,000. Toa kodi ya mapato ya pango, asilimia 10: inabaki 990,000. Ongeza mlinzi unayeendelea kumlipa, 150,000. Gharama ya kweli ya mwezi mmoja ni kama 1,140,000.

Sasa rudi kwa fundi wako. Miezi minne ni 4,560,000, naye anataka milioni 5. Haimlipi mwenye nyumba. Jibu limegeuka.

Riba ina kazi nyingine kwenye hesabu: inakuambia uwe na akiba kiasi gani. Miezi minane ya kuchelewa ni 6,400,000 ambazo lazima ziwepo mfukoni, la sivyo unaanza kuuza saruji ya saiti kulipa benki. Wengi hawapati hasara kwa sababu mradi ulikuwa mbaya. Wanakwama kwa sababu kipindi cha kutolipa rejesho kwenye mkopo kiliandikwa miezi sita na nyumba ikachukua kumi na nne. Kabla ya kusaini mkopo, chukua muda ambao fundi amekuahidi, zidisha kwa moja na nusu, na uombe kipindi hicho ndicho kiandikwe. Kukiongeza kabla ya kusaini ni mazungumzo tu. Ukiomba kiongezwe baada ya kushindwa rejesho la kwanza, unaomba kama mdaiwa mbaya.

---

Hesabu_Kwanza

@Mama_Vyumba umenisahihisha vizuri, nakubali. Kuna hali ambayo milioni 5 zinalipa?

---

Mama_Vyumba

Ipo. Pale ambapo miezi hiyo minne inakuvusha msimu wa wapangaji. Familia nyingi mijini huhama kati ya Desemba na Januari kwa sababu ya shule. Vyumba vya karibu na vyuo hujaa Oktoba na Novemba, mwaka wa masomo unapoanza. Nyumba ya familia ikikamilika Februari unaweza kukaa miezi mitatu unatafuta mpangaji, au ukapokea yeyote kwa bei ya chini. Na kwa kuwa wapangaji wetu hulipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, bei ya chini uliyokubali Machi unakaa nayo muda wote huo. Kwa hiyo usiulize "naokoa miezi mingapi" peke yake. Uliza ni miezi ipi.

Na pesa ya kuharakisha usiigawe sawa. Iende kwenye kile kinachozuia vingine. Kuongeza wapaka rangi wakati madirisha hayajafika ni kuwalipa watu wakae kivulini.

---

Fundi_Mkuu_Bunju

Dada amesema kweli. Naingia upande wa saiti.

Kwa nyumba ya chini yenye vyumba vinne kama hivyo, kikosi cha mafundi wanne na vibarua sita, pesa ikiwepo, makadirio yangu ni haya: msingi mpaka jamvi (zege la sakafu) wiki 4, kuta mpaka usawa wa lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha) wiki 3, lenta na kozi (mistari ya tofali) za juu wiki 2, kupaua wiki 3, wayaringi, mabomba na plasta wiki 6, na umaliziaji wiki 6 hadi 8. Miezi sita hivi. Anayekuahidi miezi mitatu amesahau maji ya kuponyesha zege. Zege linamwagiwa maji si chini ya siku 7, na nguvu yake kamili tunaihesabu siku 28. Kwa ghorofa, mirunda (miti ya kuegemeza) chini ya slabu tunaiacha siku 21 hadi 28. Mwenye nyumba akikaa anampigia fundi simu kila siku atoe mirunda irudishwe kwa sababu inakodiwa kwa siku, anajitafutia nyufa.

Kalenda ya Dar na Pwani: masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Ukianza kuchimba Juni, unakuwa kwenye lenta Agosti, bati linapanda Septemba, vuli inakukuta ndani unapiga plasta, na Desemba unakabidhi. Hiyo inakutana na msimu wa wapangaji aliousema dada. Ukianza Februari, mvua inakukuta msingi uko wazi: mitaro inajaa, kuta za mtaro zinabomoka, unachimba mara mbili, na lori la kokoto halifiki. Hapo ni heri ungoje, tena bila kujilaumu. Hiyo miezi minne tumia kwa kibali cha ujenzi na kufyatua tofali. Tofali lililofyatuliwa Aprili na kumwagiwa maji vizuri, Juni ni zuri kuliko la kununua barabarani lenye siku tatu. Dodoma kalenda ni nyingine: mvua ni moja, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anza Mei.

Vitu vya kuagiza mapema maana havipatikani siku unayovihitaji: madirisha ya alumini, milango ya mbao ngumu, na umeme. Maombi ya umeme yapelekwe mara tu wayaringi inapokamilika na mkandarasi mwenye leseni amesaini fomu. Nyumba nyingi zinakaa zimepakwa rangi, zimefungwa taa, hakuna mita.

Mkataba na fundi: lipa kwa hatua iliyokaguliwa, na shikilia asilimia 5 hadi 10 mpaka miezi sita ipite baada ya kukabidhiwa. Pesa ya kuanzia isizidi vifaa vya wiki mbili. Fundi anayetaka nusu ya pesa siku ya kwanza, jua kuna saiti nyingine anaimalizia kwa pesa yako.

---

Wakili_wa_Ilala

Fundi umesema vyema. Niongeze kwenye faini ya kuchelewa. Watu huandika "laki mbili kwa siku" kwenye mkataba wa milioni 30 wakidhani watazipata zote. Kifungu cha 74 cha Sheria ile ile ya Mikataba kinasema mahakama itatoa fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichoandikwa. Kiasi kilichoandikwa ni dari tu; usikihesabu kama pesa yako. Andika kiasi kinachoendana na hesabu ya Mama_Vyumba: 1,140,000 kwa mwezi ni kama 38,000 kwa siku, na ukomo wa asilimia 10 ya mkataba. Kiasi hicho unaweza kukitetea kwa karatasi mbele ya hakimu yeyote. Na orodhesha sababu zinazompa fundi haki ya kuongezewa muda: mvua iliyosimamisha kazi, wewe kuchelewesha malipo, wewe kubadili ramani. Kila moja iandikwe kwenye daftari la saiti siku ile ile, na wote msaini.

---

Ngalawa74

Wakuu nauliza mawili. Moja: kiwanja kinauzwa na warithi, wanasema "mirathi ipo mahakamani inaisha". Mbili: mnunuzi yuko Muscat, ndugu ndiye anayesimamia hapa. Vinaathiri vipi muda?

---

Wakili_wa_Ilala

La kwanza. "Ipo mahakamani" haina maana mpaka uone jina la msimamizi wa mirathi lililoteuliwa na mahakama, pamoja na namba ya shauri. Kabla ya uteuzi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, hata warithi wote saba wakisaini. Baada ya uteuzi, mahakama ya mwanzo humtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Kama uteuzi ulikuwa wa miaka mitatu nyuma na hakuna kilichowasilishwa, hapo kuna ugomvi. Kwa kiwanja chenye hati, msimamizi pia anatakiwa asajiliwe kwenye hati kwanza, ndipo akuhamishie wewe. Hizo ni hatua mbili, weka muda wa zote mbili.

Ushauri wangu: usilipe hata asilimia 10 kabla ya uteuzi. Kama unakitaka kweli, saini makubaliano ya kukupa nafasi ya kwanza kwa bei iliyokubaliwa, bila pesa, au kwa kiasi kidogo kinachokaa kwa wakili. Ukiwapa warithi pesa kabla, unakuwa chanzo kipya cha ugomvi wao.

La pili. Hati ya uwakilishi isainiwe mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa huko, itaje kiwanja kwa namba na kitalu, itaje wazi mamlaka anayopewa ndugu (kununua, kusaini fomu za uhamisho, kupokea hati), kisha ilipiwe stempu na kusajiliwa hapa. Iliyoandikwa "anisimamie mambo yangu yote" hurudishwa, na hapo mwezi umekwenda. Na ndugu asiwe yeye huyo huyo anayepokea pesa, kukagua kazi na kumlipa fundi. Mpeni mkaguzi mwingine, hata wa kulipwa kwa siku, apige picha za kila hatua kabla ya awamu kutolewa.

---

Mpimaji_Pwani

Na kuna silaha moja ambayo wanunuzi hawaitumii: zuio kwa Msajili wa Hati. Ukishasaini mkataba na kulipa sehemu, una maslahi kwenye hati ile, na Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inakuruhusu kuweka zuio ili isihamishwe kwa mtu mwingine kimya kimya. Hatari ya foleni ndefu si kungoja peke yake. Hatari ni kwamba katikati ya kungoja, muuzaji anapata mnunuzi wa bei ya juu au anaiweka hati benki. Kabla ya kila awamu ya malipo fanya upekuzi rasmi (kukagua kumbukumbu za hati kwa Msajili) upya, hata kama wa kwanza ulikuwa safi. Upekuzi unaonyesha hali ya siku ile tu.

Jambo jingine kwa anayenunua kiwanja chenye hati ili "akiweke": soma masharti yake. Hati nyingi za makazi zinataka uendelezaji ndani ya miezi 36. Ukinunua kwa aliyekaa nacho miaka minane bila kujenga, unanunua na uvunjaji wa masharti. Huwa hakifutwi siku hiyo hiyo, kuna notisi kwanza, lakini mwenye kiwanja kitupu ndiye anayekuwa mnyonge uhakiki unapofanyika. Kama huna pesa ya kujenga, angalau msingi uliokamilika pamoja na risiti za pango la ardhi.

---

Bint_Kibaha

Shikamooni wakubwa. Naomba kumuuliza Fundi_Mkuu: pesa ikikata katikati, ni hatua gani ya ujenzi inayovumilia kusimama mwaka mzima, na ipi haivumilii?

---

Fundi_Mkuu_Bunju

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo lingetakiwa kuulizwa kabla ya tofali la kwanza.

Hatua nzuri ya kusimama ni jamvi. Msingi umefungwa, kifusi kimeshindiliwa, zege limefunika. Mvua inapita juu. Ya pili ni nyumba iliyoezekwa. Hiyo inaweza kukaa hata miaka miwili, mradi madirisha yawe na nondo au mabanzi, watu wasiigeuze choo.

Mbaya kabisa ni kuta zimesimama, lenta hakuna. Ukuta wa inchi 6 bila kufungwa juu unayumba kwa upepo, na maji yanaingia kwenye maungio kutoka juu. Ukilazimika kusimama hapo, pitisha saruji na mchanga juu ya kozi ya mwisho kama kifuniko, na weka mirunda ya kuegemeza kuta ndefu zisizo na ukuta wa kukatiza. Mbaya ya pili ni kenchi (fremu za mbao za paa) zimepanda bati hakuna: mbao mbichi zinajipinda msimu mmoja tu, na fundi wa bati atakuja kulia. Kama pesa ya bati haipo, usipandishe kenchi.

Nondo za nguzo zinazobaki zimechomoza: ziache zisipungue sentimita 60 kwa nondo ya milimita 12, kwa sababu mwingiliano wake (sehemu inayolala sambamba na nondo mpya) unahitaji sentimita 50 hadi 60. Zipake uji wa saruji, zifunge kwa nailoni, hasa ukiwa karibu na bahari. Kigamboni na Mbweni chumvi inakula chuma haraka. Siku ya kurudi kazini, zisugue kwa brashi ya waya. Zikitoa magamba na unene umepungua, mwite mhandisi kabla ya kuendelea. Usizikunje na kuzikunjua, zinakatikia ndani bila wewe kuona.

Saruji usiiache saiti. Mfuko uliokaa zaidi ya miezi mitatu, hata kama haujaganda, usiutumie kwenye lenta wala nguzo. Tumia kwenye kazi ndogo au uuze mapema. Nondo na bati zinaweza kungoja zikiwa zimeinuliwa kutoka chini na kufunikwa.

Hesabu ya pesa yako ifanye kwa vituo hivyo. Ukiwa na pesa ya kukufikisha katikati ya kuta, simama kwenye jamvi, iliyobaki weka benki mpaka ifike ya lenta na paa kwa pamoja. Kutoka jamvi hadi bati usianze kama pesa yote ya kipande hicho haipo mkononi.

---

Bint_Kibaha

Nashukuru sana. Basi ninaishia jamvi mwaka huu.